Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari

Huenda wako wasomaji watakaoshangaa kuona safu hii ikishughulika na mashine za michezo. Tunawaomba wavumilie, kwani katika jambo hilo linaloonekana dogo limo funzo kubwa kwa kila aliyekabidhiwa mali ya umma.

Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine ya kuchezea michezo kwa televisheni, iitwayo Famicom, ambayo Marekani na Ulaya ilijulikana kwa jina la NES. Ziliuzwa zaidi ya milioni 60 duniani. Ndani yake mlikuwa na chipu kuu mbili zilizotengenezwa na kampuni ya Ricoh: moja ya kupiga hesabu na kutoa sauti, ya pili ya kuchora picha. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2003, na mwaka 2007 Nintendo ikatangaza kwamba haitapokea tena mashine hizo kwa matengenezo, kwa kuwa vipuri vilikuwa vimeadimika.

Waliozithamini hawakukubali zife. Wapo waliotunga programu za kuziigiza ndani ya kompyuta. Wengine wakaikimbilia chipu inayopangika, ambayo kampuni ya Xilinx ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1985. Chipu ya kawaida hupewa kazi yake kiwandani, wala haibadiliki. Hii ya pili hutoka kiwandani ikiwa na vijisehemu vingi visivyo na kazi maalumu, na aliyeinunua ndiye aamuaye viungane vipi. Programu ya kuigiza kwa kawaida hutekeleza amri moja baada ya nyingine. Katika chipu inayopangika sehemu zote hufanya kazi kwa pamoja, kama zilivyofanya zile za asili. Mwaka 2017 Alexey Melnikov alianzisha mradi uitwao MiSTer, unaotumia bodi moja yenye chipu ya aina hiyo kuhuisha mashine nyingi za zamani, na ramani zake hutolewa kwa watu wote bila malipo.

Hata hivyo, chipu inayopangika haijui lolote mpaka ielezwe, na hapo ndipo penye kazi. Michezo mingi ilitegemea kasi halisi ya chipu za asili, na hata kasoro zao. Anayetaka kuziunda upya bila ramani ya kiwandani ni kama fundi aliyeletewa jahazi kuukuu, akaambiwa aunde la pili lake: hana budi kulipima ubavu kwa ubavu na msumari kwa msumari.

Ndivyo ilivyofanyika kwa chipu maarufu ya 6502, iliyotolewa na kampuni ya MOS Technology mwaka 1975, na ambayo muundo wake ulitumiwa pia katika Famicom. Mwaka 2010 Greg James, Barry Silverman na Brian Silverman walionyesha matokeo ya kazi yao. Walikuwa wameifungua chipu hiyo, wakaipiga picha kwa hadubini, wakafuatilia kila waya na kila transista, nazo ni maelfu, mpaka wakapata ramani kamili. Jasho lote hilo lilimwagika kutafuta maarifa ambayo wabunifu wa chipu walikuwa nayo siku ya kwanza.

Maofisa wanaoshughulika na sheria nao wana la kuzingatia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 hulinda ramani ya chipu kwa miaka 10, lakini huruhusu ichunguzwe kwa ajili ya kufundisha na kuchambua. Michezo yenyewe hulindwa na hakimiliki kwa muda mrefu zaidi. Basi kuihuisha mashine ni jambo moja, na kugawa michezo ya watu bila idhini ni jambo jingine.

Tunayasema haya kwa sababu sisi watu wa visiwa hupokea kwa meli mashine nyingi tusizoziunda wenyewe: pampu za maji, jenereta, mitambo ya hospitali. Nyingi kati yao siku hizi zinaongozwa na chipu. Siku moja watengenezaji wake wataacha kuzitengeneza, na wengine watafunga viwanda. Mchezo ukifa mtu hukosa burudani. Pampu ikifa mji hukosa maji.

Kwa hiyo ni maoni yetu kwamba kila idara inaponunua mashine idai katika mkataba michoro, vitabu vya mafundi na nakala za programu, na ivihifadhi mahali panapojulikana. Kadhalika, vyuo vyetu viwafundishe vijana kazi ya chipu zinazopangika, kwani bodi za kujifunzia zinauzwa. Wapenda michezo wameonyesha kwamba kilichokufa chaweza kufufuliwa, lakini kwa taabu kubwa. Ni rahisi zaidi kuweka daftari mapema.