Picha Zilizobeba Salamu

Wajukuu zangu, tarehe 1 Oktoba 1869, posta ya Austria-Hungaria ilianza kuuza kadi za kutumwa bila bahasha. Mwanzoni hazikuwa na picha. Picha zilikuja baadaye, na hapo ndipo kadi za sikukuu zilipopendeza.

Nyingi zilizopendeza zaidi zilichapwa Ujerumani. Picha ilichorwa juu ya mawe laini, kila rangi na jiwe lake: la nyekundu, la kijani, la buluu. Karatasi ileile ilipitishwa kwenye mawe yote kwa zamu. Ikisogea kidogo tu, wekundu wa midomo huangukia kidevuni!

Kuandika nako kulikuwa na masharti. Hadi mwaka 1902, Waingereza hawakuruhusiwa kuandika salamu upande wa anwani. Wamarekani walingoja hadi 1907. Mtu alibanabana maneno machache pembeni mwa picha, basi. Kwa hiyo picha yenyewe ilibidi iseme.

Ilisema nini? Tazameni kadi ya Mwaka Mpya ya Ujerumani au Austria. Pana nguruwe mnene, na mfagia dohani aliyejaa masizi, ngazi begani. Mnashangaa? Familia yenye nguruwe zizini ilijua kwamba baridi kali ikiingia, chakula kipo. Na masizi yakijazana ndani ya dohani, yaani bomba la kutolea moshi, yanaweza kushika moto na nyumba ikateketea. Mfagia dohani akibisha hodi, watu walipumua. Basi kumtumia mtu kadi ile kulikuwa ni kumwambia: ushibe, na nyumba yako isalimike.

Uingereza, kadi za Krismasi zilipambwa kwa robin, ndege mdogo wa kifua chekundu. Zamani matarishi wa posta huko walivaa makoti mekundu, watu wakawaita kwa jina la ndege huyo. Wachoraji nao wakamchora robin akipeleka barua, kana kwamba ndiye tarishi mwenyewe. Ukimwona, ujue mwenzako amekukumbuka.

Nazipenda kadi hizi kwa sababu aliyezichora aliwaza kwanza haja ya mtu, ndipo akashika brashi. Nanyi fanyeni hivyo. Idi au Krismasi ikikaribia, chukueni karatasi ngumu mmchoree bibi au rafiki aliye mbali. Lakini kabla ya kuchora jiulizeni: mwaka huu anahitaji nini? Mvua shambani? Afya? Mgeni mlangoni? Mkishajua, choreni hicho.