Macho yakikataa dawa, kompyuta na iseme

Na Daktari Wetu

Kuna maneno ambayo kila daktari huyatamka shingo upande: "Macho haya hayatarudi." Mgonjwa hunyamaza. Jamaa aliyemleta huuliza iwapo hakuna hospitali nyingine, na akielezwa kwamba ripoti hiyo imetoka kwa wataalamu wa macho wenyewe, faili hufungwa, nao hushika njia ya kurudi kwao Nkubu, Maua, Siakago au Runyenjes.

Hapo ndipo madaktari wengi hudhani kazi yao imekwisha. La hasha! Mtu aliyekatwa mguu hatoki hospitalini kabla ya kuelekezwa anakoweza kupata magongo au mguu wa bandia. Kwa nini basi aliyepoteza macho aachwe aende akakae barazani, awe wa kusomewa kila barua na mtoto wa darasa la tano?

Leo, mpenzi msomaji, tutazungumza kuhusu gongo moja la mtu asiyeona ambalo halihitaji leseni ya kununuliwa. Nalo ni kompyuta ya kawaida, hata iliyotumika, iliyowekwa mfumo wa bure wa Linux ambao husoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini.

Upofu wa ukubwani

Si kila asiyeona alizaliwa hivyo. Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, huua neva ya jicho polepole na aghalabu bila maumivu yoyote. Watu wenye asili ya Afrika hupatwa nayo zaidi, na mapema zaidi, kuliko wenye asili ya Ulaya. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, lakini neva ya jicho iliyokufa haifufuki.

Wakazi wa Embu wanajua sababu nyingine. Mnamo Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, Embu ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kuona. Msiba wa aina hiyo ulirejea Februari 2024 katika kaunti jirani ya Kirinyaga. Methanoli ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva ya jicho. Mtu aweza kulala akiona na kuamka akiwa gizani. Anayeona ukungu baada ya kunywa asiachwe alale ili "pombe imtoke". Akimbizwe hospitalini mara moja, kwa maana matibabu ya mapema huweza kuokoa uhai na macho pia.

Wengi wa watu hawa wana jambo moja linalowaunganisha: walijua kusoma na kuandika kabla ya giza kuingia. Huyu alikuwa mwalimu, yule karani wa chama cha ushirika cha kahawa, mwingine mhasibu katika duka la pembejeo. Maandishi ya Breli, yaliyovumbuliwa na Mfaransa Louis Braille katika karne ya 19, yangali msingi wa elimu ya mtoto asiyeona, na hakuna kompyuta inayopaswa kuyaondoa darasani. Lakini vidole vya mtu wa miaka 50, hasa mwenye kisukari kilichofifisha hisia za vidole, huchukua muda mrefu kuyazoea. Masikio yake, kwa upande mwingine, yako tayari leo.

Siri ya mgonjwa

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Hata hivyo, mgonjwa asiyeona akipewa karatasi ya matokeo ya maabara, nani atamsomea? Ni mkewe, shemeji yake, jirani au kijana wa duka la fotokopi. Matokeo ya kipimo cha Ukimwi au cha ujauzito hujulikana kijijini kabla mwenyewe hajatulia kuyatafakari. Wako wagonjwa ambao huamua kutopimwa kabisa kuliko kupimwa wakasomewa na wengine.

Isitoshe, mtu mzima anayepoteza macho aghalabu huzama katika huzuni. Anayeweza kujisomea gazeti asubuhi, akamwandikia mwanawe aliye chuoni, akakagua hesabu zake benki bila kumwita mtu, huwa amerudishiwa sehemu ya utu wake ambayo vidonge haviwezi kuirudisha. Ndiyo sababu jambo hili limeingia katika ukurasa wa afya.

Kompyuta husemaje?

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuurekebisha bila malipo. Hutolewa kwa matoleo mengi. Debian lilianza mwaka wa 1993, na Ubuntu, lililoanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, limepewa jina lenye maana ile ile ya neno letu "utu".

Ndani ya matoleo hayo mna programu mbili zinazofanya kazi kama jicho na mdomo. Ya kwanza huitwa Orca. Hii huziuliza programu nyingine ni nini kilicho kwenye skrini: je, ni barua, ni kitufe, ni orodha? Ya pili ni eSpeak NG, ambayo hugeuza majibu hayo kuwa sauti. Sauti yake ni kavu kama ya roboti, lakini husema haraka hata katika kompyuta dhaifu, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Kimeru na Kiembu havimo. Mwenye kifaa cha Breli cha kuunganishwa na kompyuta huongezewa programu ya tatu, BRLTTY, inayopeleka maandishi kwenye vidole.

Wasioona wenyewe wameshiriki katika kazi hii tangu mwanzo. T. V. Raman, mtaalamu wa kompyuta asiyeona aliyezaliwa India, alitengeneza katika miaka ya 1990 programu iitwayo Emacspeak, ambayo ilimwezesha mtu kuandika na kufanya kazi kwenye Linux kwa kusikia tu.

Jinsi ya kuiweka

Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, daktari huuliza anatumia dawa gani nyingine. Hapa pia, anza kwa kunakili picha na nyaraka zote zilizomo ndani ya kompyuta na kuziweka pembeni, kwa sababu kuweka mfumo mpya kwa kawaida hufuta uliokuwamo.

Kwanza, mtu mwenye intaneti nzuri apakue Debian au Ubuntu kutoka tovuti yake rasmi na kuiandika kwenye flashi. Kijana wa saiba anayetengeneza kompyuta anaijua kazi hii.

Pili, kompyuta iwashwe kutoka kwa flashi hiyo. Hatua hii moja huhitaji jicho la mtu mwingine, kwa kuwa menyu ya ndani ya kompyuta haisemi.

Tatu, sauti iamshwe. Kwa Debian, menyu ya kuanzia ikitokea, ambapo aghalabu husikika mlio mfupi, bonyeza herufi S kisha Enter. Kuanzia hapo kompyuta huuliza kila swali kwa sauti, kuhusu lugha, saa, jina na nywila, na asiyeona mwenyewe hujibu kwa kibodi hadi mwisho. Mfumo uliowekwa kwa njia hii huendelea kusema utakapowashwa tena. Kwa Ubuntu, subiri skrini ya kwanza ifunguke kisha bonyeza pamoja Alt, kitufe chenye nembo ya Windows, na herufi S.

Nne, ukiulizwa ni mandhari gani ya kutumia, MATE ni chaguo jema kwa anayeanza. Menyu zake ni nyepesi na hazibadiliki-badiliki.

Ikiwa hakuna sauti, usikate tamaa. Mara nyingi sauti imezimwa tu, au inaelekezwa kwenye tundu lingine. Jaribu kwanza vidhibiti vya sauti na vipokea sauti vya masikioni.

Kipimo kimfae mgonjwa

Dawa ile ile haipewi watu wote kwa kipimo kimoja. Kitufe kikuu cha Orca ni Insert, au Caps Lock kwa mpangilio wa vipakatalishi. Ukikishikilia na kubonyeza kitufe cha nafasi, mipangilio hufunguka. Humo weka mambo matatu: lugha ya sauti, kasi, na iwapo herufi zisomwe moja moja mtu anapoandika.

Mwanzoni kasi iwe ya chini. Baada ya majuma kadhaa mtumiaji mwenyewe ataiongeza hadi wewe unayesikiliza kando usiambulie neno. Hilo lisikutie wasiwasi, kwani sikio hujifunza kama jicho lilivyojifunza kusoma.

Insert na herufi H hufungua somo: kila kitufe anachobonyeza kitajitaja na kueleza kazi yake, na Escape humtoa. Kwa aliyepoteza macho karibuni, hilo ndilo somo la kwanza. Mfundishe pia kutafuta kwa vidole alama ndogo zilizo juu ya herufi F na J, ambazo ndizo dira ya kibodi nzima. Mwandishi wa barua katika mfumo huu ni LibreOffice, na kivinjari cha intaneti ni Firefox. Akiwa kwenye tovuti, herufi H humrusha kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, hivi kwamba halazimiki kusikiliza ukurasa mzima.

Kisha jamaa na waache mikono yao mbali na kipanya. Anayesaidia kwa kunyakua kompyuta hasaidii. Keti kando, ngoja aulize, mwache akosee na kurudia.

Windows je, na simu?

Wasomaji watauliza, na ni haki yao: je, Windows haisemi? Husema. Kuna NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Ofisi ikitumia Windows, mfanyakazi wake asiyeona atumie hiyo. JAWS nayo ni maarufu, lakini ni ya kulipiwa.

Tatizo liko kwenye kompyuta kuukuu. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Mashine hizo zimejaa shuleni, parokiani na kwenye maofisi, zikingoja kutupwa. Nyingi bado zina nguvu ya kutosha kuendesha Linux na Orca.

Simu za Android nazo zina msomaji wa sauti aitwaye TalkBack, na kwa ujumbe mfupi anatosha. Lakini ripoti ya kurasa kumi, insha ya chuo au hesabu za chama huhitaji kibodi.

Mahali pa kuanzia

Eneo letu si jangwa. Igoji, kando ya barabara ya Meru kuelekea Chuka na Embu, kuna shule za St. Lucy's za wanafunzi wasioona, na walimu wake ni watu wa kuombwa ushauri. Machakos kuna taasisi ya kiufundi ya wasioona, inayopokea hata waliopoteza macho ukubwani. Shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika, lilianza Thika na limeonyesha kwamba mtoto asiyeona hushika kompyuta kama mwenzake yeyote.

Hatua ya kwanza ya kisheria ni kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali inayotambuliwa kwa kazi hiyo. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka wa 2010 humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Haki hiyo haidaiwi na asiyejulikana, kwa hivyo mwombe daktari akujazie fomu kabla ya kutoka hospitalini.

Sisi wa hospitali nasi tuna deni. Tukimtumia mgonjwa picha ya karatasi ya matokeo, Orca itanyamaza, kwa kuwa picha haina herufi za kusomwa. Zipo programu za bure kama Tesseract zinazoweza kugeuza picha iliyo wazi kuwa maandishi, lakini mwandiko wa daktari wa haraka haraka huzishinda. Matokeo yachapwe na yatumwe kama maandishi kwa barua pepe ya mgonjwa mwenyewe. Hilo halihitaji bajeti mpya wala mashine mpya.

Kwa jamaa wa mgonjwa, ushauri ni huu. Mkitoka kwa mtaalamu wa macho na jibu zito, msingoje mwaka upite. Miezi ya kwanza ndiyo mtu huzoea ama kutenda ama kutendewa. Tafuteni ile kompyuta iliyowekwa juu ya kabati, ipanguseni vumbi, mtafute flashi na kijana anayejua kazi yake. Zaidi ya hayo, kumbukeni kliniki. Mwenye presha ya macho au kisukari aendelee na dawa zake hata baada ya jicho moja kufa, ili lililobaki liokolewe. Nao watoto na ndugu wa mwenye presha ya macho wapimwe mapema, kwa sababu ugonjwa huo hufuata damu.