Nyumba Ilikuwa Baridi, Haikuwa Kavu

Doti tano za kanga alizoniachia bibi nilizitunza kwenye sanduku la mvule, ndani ya kabati la chumba cha nyuma, hapa Houston. Mwezi wa tano, mwaka wa tatu tangu tununue nyumba, nilitaka kumwonyesha binti yangu. Nilipofunua tu, uvundo ukanipiga usoni. Doti mbili zilikuwa na madoa meusi ya kuvu kwenye pindo, na ukuta wa jasi nyuma ya sanduku ulikuwa umeota kitu kama unga wa kijani.

Sikuelewa, kwa sababu kiyoyozi kilikuwa hakipumziki na nyumba ilikuwa nyuzi 22. Nimezaliwa Tanga. Kwetu kuvu ni habari ya masika na bati linalovuja, na hapa paa lilikuwa zima.

Nikampigia mama. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsimulia, naye akanijibu bila kufikiri: "Fungua madirisha, mwanangu. Nyumba ipumue." Nikafungua kila asubuhi kwa wiki mbili. Madoa yakazidi, na vigae vya sakafuni vikaanza kutoa jasho.

Mama hakukosea kwa nyumba ya Tanga. Kule madirisha hushinda wazi, upepo wa kusi unapita huku na kule, na ukuta una joto lilelile la hewa ya nje. Houston iko karibu na Ghuba ya Mexico, na hewa yake ya kiangazi imejaa maji kiasi kwamba ikigusa kitu chenye nyuzi 24 au chini ya hapo mara nyingi huacha umande, kama glasi ya maji ya barafu mezani. Sakafu yangu ilikuwa nyuzi 22. Kila nilipofungua dirisha nilikuwa nauita umande ndani kwa mikono yangu.

Kampuni moja ilikuwa imeshaniuzia kiyoyozi kikubwa zaidi, eti ndiyo dawa. Aliyenifungua macho ni fundi aliyetoka Lubumbashi, niliyeelekezwa na jirani. Hakugusa mashine yoyote. Alitoa kipimo kidogo cha unyevu, kama kiberiti, akakiweka juu ya sanduku, akakaa kimya dakika kumi. Kilisoma asilimia 71. "Mama," akasema kwa Kiswahili chao, "hii nyumba iko baridi, lakini haiko kavu."

Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira linashauri unyevu wa ndani uwe chini ya asilimia 60, na vizuri zaidi kati ya 30 na 50. Asilimia hiyo hupima maji yaliyomo hewani dhidi ya maji ambayo hewa ya joto hilo inaweza kubeba. Hewa baridi hubeba kidogo. Ukiipoza bila kuyatoa maji yake, asilimia inapanda. Kiyoyozi hutoa maji, ndiyo, lakini lazima kifanye kazi kwa muda mrefu ili koili yake ilowane hadi ianze kudondosha kwenye bomba. Changu kilikuwa kikubwa mno, kinapoza nyumba kwa dakika saba kisha kinazima. Na mimi niliacha feni yake ikizunguka muda wote, kwa hiyo maji yaliyobaki kwenye koili yalikuwa yanapulizwa kurudi vyumbani.

Kuna jambo ambalo natamani kila anayenunua kiyoyozi alijue. Willis Carrier alipochora mtambo wake mwaka 1902, hakuwa anatafuta kuburudisha watu. Alikuwa anaisaidia kampuni ya uchapaji ya Brooklyn ambayo karatasi zake zilivimba na kusinyaa kwa unyevu, rangi zikawa hazikutani. Mtambo ulizaliwa kwa ajili ya unyevu, ubaridi ukafuata. Sisi tumeshika ubaridi tukasahau cha kwanza.

Dawa ilikuwa mashine ya kukausha hewa, lakini fundi hakukubali kuifunga kabla ya kuziba chanzo. Alipanda darini akakuta feni ya bafu inatolea mvuke humohumo darini badala ya juu ya paa. Ikarekebishwa kwanza. Kipande cha jasi kilichoota kuvu kilikatwa na kutupwa, maana kuvu huingia ndani ya jasi, na kupaka rangi juu yake ni kuifunika tu. Hakikufika hata mita moja ya mraba. Kingezidi futi 25 za mraba, sheria ya Texas inataka mtu mwenye leseni ya kazi hiyo.

Mashine yenyewe ni sanduku la chuma, linalokaa darini na kuhudumia nyumba nzima. Yangu inaweza kutoa lita 46 kwa siku. Inavuta hewa ya sebuleni, inaipitisha kwenye koili baridi ili maji yadondoke, halafu kwenye koili ya moto, kwa hiyo hewa hutoka kavu na yenye joto kidogo. Nilimwuliza kwa nini asiiunganishe kwenye njia inayorudisha hewa kwenye kiyoyozi, maana bomba lingekuwa fupi. Akaniambia hewa kavu ikipita juu ya koili iliyolowa itayabeba maji yaleyale tena, na kazi yote itakuwa bure. Akaiunganisha mbele ya koili, kwenye njia inayopeleka hewa vyumbani.

Alitumia nusu siku kwenye bomba la kutolea maji. Aliliwekea mteremko, akaweka trei chini ya mashine, na ndani ya trei swichi inayoelea ambayo huzima umeme maji yakipanda. Mwezi wa tisa bomba liliziba kwa utelezi, swichi ikazima mashine, dari yangu ikabaki salama. Sasa namimina siki kwenye bomba hilo kila baada ya miezi mitatu, na chujio nalibadilisha.

Siku ya kwanza aliliacha bomba lining'inie kwenye ndoo ya lita 20 gerejini. Aliiwasha mashine saa mbili asubuhi. Kabla ya magharibi ndoo ilikuwa imejaa. Binti yangu alitumbukiza mkono akauliza maji haya yalikuwa wapi. Nikamwambia tulikuwa tunayavuta puani.

Gharama ilizidi dola 3,000, na mashine inakula wati 700 hivi ikiwa kazini. Sipendi kumficha mtu hilo. Lakini kiyoyozi nimekipandisha kutoka nyuzi 22 hadi 25 na hatuoni joto, kwa sababu jasho linakauka mwilini. Kwa nyumba inayoshinda wazi kama ya mama, mashine hii ni hasara tupu. Ingekuwa inakausha mtaa mzima. Ila dada yangu, hukohuko Tanga, ameweka madirisha ya vioo na viyoyozi vitatu, na juzi amenitumia picha ya viatu vya ngozi vilivyoota kuvu. Nimemtumia kipimo. Nimemwambia akiweke kabatini wiki nzima, aandike namba asubuhi na jioni, kabla hajalipa fundi yeyote.

Zile doti mbili nilizifua kwa maji ya moto na sabuni, nikazianika juani. Madoa ya pindo yamefifia, hayakutoka. Zimerudi sandukuni, na kipimo kiko juu ya kifuniko. Leo asubuhi kimesoma 48.