Mfinyanzi Anapogonga Chungu Chake

Kila ninapofundisha Maandiko hakosi mtu wa kusema, tena kwa nia njema kabisa, kwamba Mungu wa Agano la Kale alikuwa mkali, wa Agano Jipya ni wa upendo. Wazo hilo lina karibu miaka 1,900, na liliwahi kumtoa mtu kanisani.

Mtu huyo ni Marcion, mwenye merikebu wa Sinope, bandari ya Bahari Nyeusi ambayo leo imo Uturuki. Alifika Roma karibu mwaka 140, akalitolea kanisa la huko sesterse 200,000. Kwake yeye miungu walikuwa wawili: aliyeumba dunia hii, hakimu asiye na huruma, na Baba wa Yesu, mwema asiyemhukumu mtu. Ili fundisho lisimame ilibidi akate. Agano la Kale lote akaliacha, akabaki na Injili ya Luka iliyopunguzwa na nyaraka 10 za Paulo. Mwaka 144 kanisa lilimtenga, likamrudishia fedha zake.

Kwa jumuiya yenye wajane na maskini wa kulisha, kurudisha fedha kiasi hicho si jambo dogo. Lakini walielewa kilichokuwa kinaondoka. Kama atakayenihukumu siye aliyeniumba, anahukumu kisicho chake. Na kama aliyeniumba hatahukumu kamwe, basi alituumba akatupa kisogo, na damu ya aliyeonewa haina wa kuiulizia. Ndiyo maana Kanuni ya Imani, iliyoandikwa Nikea mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, inamkiri Mwana kuwa ndiye ambaye kwa yeye vitu vyote viliumbwa, na ndiye atakayekuja kuhukumu. Naye aliwahi kusimama mbele ya Pilato akahukumiwa bila kosa.

Tatizo jingine limo masikioni mwetu. Tukisikia hukumu, tunafikiria kifungo na faini, tukasahau kwamba neno hilo lina mzizi mmoja wa Kiarabu na hekima. Kitenzi cha Kiebrania, shafati, ni kipana zaidi: kuamua shauri, kumtetea aliyedhulumiwa, kurudisha mambo mahali pake. Debora na Gideoni walifanya kazi hiyo, na watafsiri wetu walipokiita kitabu chao Waamuzi, walipatia. Katika Zaburi ya 96 bahari inavuma na miti ya msituni inaimba kwa furaha, kwa kuwa Mungu anakuja kuihukumu nchi. Miti haishangilii viboko.

Na anayehukumu hivyo ndiye aliyeumba. Mwanzo 2 inaposimulia mtu kuumbwa kwa mavumbi ya ardhi, inatumia kitenzi cha mfinyanzi. Ukikaa karibu na mfinyanzi siku anapotoa vyungu motoni, utamwona akiinua kimoja kimoja, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa mlio mfu, hata kama jicho halioni kitu. Anakigonga kwa sababu ni chake, na kesho mtu atakipikia wanawe. Yeremia naye, katika sura ya 18, aliona chombo kikiharibika mkononi mwa mfinyanzi, na udongo uleule ukafinyangwa upya.

Sitaki kuilainisha hukumu. Katika Mathayo 25 Yesu mwenyewe anatenga kondoo na mbuzi, na maneno yake yanatisha. Ila tazama anachouliza: mwenye njaa, mgeni, mgonjwa, mfungwa, mliwatendeaje?

Aliyemjibu Marcion kwa kirefu ni Tertullian wa Carthage, katika Tunisia ya leo, kwa vitabu 5. Aliamua kumjibu kwa Luka yuleyule aliyekatwakatwa. Humo alimkuta yule mjane wa sura ya 18, anayemwendea kadhi dhalimu bila kuchoka, akidai haki yake. Marcion alikuwa amemwacha mjane huyo mlangoni, bado anaomba ahukumiwe.