Kitenzi "keep" na Dhana ya Ahadi: Suala la Ukomo wa Tendo katika Tafsiri

Kitenzi cha Kiingereza "keep" kinapoambatana na nomino "promise" hufasiriwa aghalabu kuwa "timiza". Ulinganifu huo unakubalika katika miktadha mingi, lakini si yote. Makala hii inafafanua kuwa vitenzi hivyo vinatofautiana katika ukomo wa tendo.

"Keep" kimetokana na kitenzi "cepan" cha Kiingereza cha Kale, ambacho miongoni mwa maana zake ni kuzingatia na kuangalia kwa makini. Maana hiyo ya kuzingatia ingali hai katika "keep a promise". Ndiyo sababu Kiingereza hukubali "She kept her promise for thirty years": tendo linaendelea, halina kilele.

"Timiza", kwa upande wake, ni kauli ya kutendesha ya "timia", yaani kufikia ukamilifu. Sentensi "Alitimiza ahadi ya kurudisha kitabu" ni sahihi, kwani kitabu kikirudi, ahadi imekwisha. Lakini "Kwa miaka 30 alitimiza ahadi ya kutofichua siri" inakwaza. Hapa panafaa "shika": "Kwa miaka 30 aliishika ahadi ya kutofichua siri", kama vile mtu anavyoshika dini au amri.

Hatari kubwa zaidi imo katika "weka". "Keep" humaanisha pia kuhifadhi, na mfasiri anayeifuata maana hiyo huenda akaandika "aliweka ahadi". Kwa Kiswahili, kuweka ahadi ni kuahidiana, hasa kupanga kukutana. Katika ushahidi wa mahakamani au taarifa ya utekelezaji wa mkataba, aliyekwisha kutimiza wajibu wake ataonekana kana kwamba ndiyo kwanza anaahidi.

Methali "Ahadi ni deni" inasaidia kueleza kwa nini "timiza" kimetawala. Deni halihifadhiwi, bali hulipwa. Linaloendelea kuwekwa ni lile lisilolipwa. Katika kukiuka ahadi, hata hivyo, lugha hizi mbili hukutana: "break" ni "vunja".

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kisawe, mfasiri hana budi kubainisha iwapo ahadi inayohusika hukoma kwa tendo moja, au humfunga mtu kwa muda wote. Ya kwanza hutimizwa. Ya pili hushikwa.