Pima Sufuria Kabla ya Kununua Mbabula

Nyumba yenye watu kumi hununua mbabula kubwa ya makaa, nyumba ya watu wanne hununua ndogo. Ndivyo tulivyozoea kuamua tukiwa mbele ya fundi wa mabati hapa Maniema, iwe Nyangwe, Kasongo au Kabambare, na fundi mwenyewe huanza kwa kuuliza mko wangapi nyumbani. Kwa maoni yangu swali hilo linatugharimu makaa mengi. Moto hauhesabu watu waliokaa mkekani. Unakutana na kitako cha sufuria tu, na mbabula ikikizidi kitako hicho, joto linapita pembeni na kupotea kila siku ya Mungu, miaka yote chombo hicho kitakayodumu.

Tufanye hesabu kidogo. Mbabula ambayo sehemu yake ya kuwekea makaa ina upana wa sentimita 20 ina eneo la sentimita za mraba 314. Ile ya sentimita 30 ina 707. Ukizitazama zimepangwa sokoni utasema hii imeizidi ile kwa nusu tu. Ukizijaza makaa kwa kina kilekile, kubwa inameza mara mbili na robo ya ile ndogo. Upana ukiongezeka, eneo huongezeka kwa mraba wake, na hapo ndipo gunia linapokwisha kabla ya mwezi.

Hayo makaa yote yanahitajika? Kuchemsha lita 3 za maji ya kawaida, tuseme nyuzi 25, mpaka yatokote, kunataka takriban kilojuli 945. Kilo moja ya makaa mazuri ina karibu kilojuli 29,000. Kama joto lote lingeingia ndani ya maji, gramu 33 zingetosha, yaani kiasi cha kiganja. Lakini mbabula ya bati tupu huwa inafikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto lake. Ikifikisha asilimia 15, utachoma gramu 217. Ikifikisha asilimia 30, gramu 109. Maji ni yaleyale, sufuria ni ileile, na tofauti ni nusu ya makaa.

Kuna hasara nyingine inayojificha kwenye mvuke. Maji yakishatokota hayazidi joto hata ukiyapa moto wa jehanamu. Kinachozidi ni mvuke. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula nishati mara saba ya ile iliyotumika kuyafikisha kwenye kutokota. Maharagwe yanaiva kwa maji yanayochemka taratibu sawasawa na yanayofoka. Kwa hiyo mbabula inayofaa ni ile inayokubali kupunguzwa moto, na kubwa iliyojaa makaa haipunguziki kwa urahisi. Unafunga kidirisha cha hewa, hewa inaingia kwa nyufa. Chakula kinaepuliwa, makaa yanaendelea kuwaka yenyewe mpaka majivu.

Mtu atasema: nitanunua kubwa, niwe naweka makaa machache. Wengi wamejaribu, na moto wao umezimika katikati ya mapishi. Kaa moja hubaki na moto kwa sababu ya makaa jirani yanayolirudishia joto. Ukiyatawanya machache kwenye nafasi pana, kila moja linatoa joto lake hewani na kupoa. Ndiyo maana mpishi huishia kuijaza mbabula yake kubwa hata kwa chai ya watu wawili. Aliyekwisha kuinunua asiitupe. Azungushie ndani pete ya udongo, aache nafasi ya katikati inayolingana na sufuria yake ya kila siku.

Sasa tutazame sufuria zenyewe, maana mapishi ya Maniema yana madai yake. Bugali unataka moto mkali kwa muda mfupi, na zaidi ya moto unataka uthabiti. Mwanamke anayesonga unga wa mihogo anaegemea mwiko kwa nguvu za mabega yote mawili. Mbabula ndefu yenye miguu myembamba inayumba, na maji ya moto yanammwagikia mtoto aliye karibu. Kitako cha mbabula kiwe kipana kuliko mdomo wake, na vishikizo vitatu vya sufuria viwe imara. Wali unataka kinyume chake. Mpunga unaolimwa hapa tangu zamani za Waarabu na Waswahili wa karne ya 19 unaanza kwa moto wa nguvu, kisha unamalizika kwa moto wa kubembeleza, na mbabula isiyopungua inageuza nusu ya chungu kuwa ukoko. Sombe ndiyo mtihani mkubwa. Majani yake ya muhogo yana sumu ya sayanidi. Kuyatwanga kunaifungua, na kuyachemsha bila kifuniko mwanzoni kunaipeperusha. Baada ya hapo yanakaa motoni muda mrefu pamoja na mawese, na hapo kifuniko kirudi juu na makaa yapungue.

Ukitaka kipimo cha mkono: sehemu ya makaa iwe nyembamba kuliko kitako cha sufuria kwa vidole viwili kila upande. Sufuria yenye kitako cha sentimita 26 inatosheka na mbabula ya sentimita 19 au 20. Joto linalopanda linalamba kitako chote kabla ya kutoka ukingoni. Makaa yasijazwe mpaka yaguse sufuria, kwa sababu chuma baridi kinayapoza na hewa inakosa njia.

Ukubwa ukishapatikana, ndipo uulize imetengenezwa kwa nini. Bati tupu linatoa joto kwa ubavu wake wote. Ukisogeza mguu karibu unalisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa Kenya, Maxwell Kinyanjui akiwa mmojawapo, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakatengeneza jiko la bati lenye kiuno na udongo wa kuchomwa ndani yake. Limeenea Afrika Mashariki nzima. Huku kwetu Kongo, mradi wa EcoMakala wa WWF, ulioanza 2007 katika Kivu ya Kaskazini ili kuipunguzia misitu ya Virunga mzigo, umeeneza jiko la namna hiyo mjini Goma kwa jina la Jiko Nguvu.

Maniema haina haja ya kusubiri mzigo kutoka Goma. Msafiri David Livingstone alipofika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, alikuta ukingoni mwa Lualaba soko la maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wenye samaki, mafuta na vyungu vya udongo.  Kazi ya udongo ilikuwapo hapa kabla ya mgeni huyo, na ndiyo inayohitajika leo. Udongo wa kichuguu unashikana vizuri. Ukichanganywa na pumba za mpunga na kuchomwa, pumba zinaungua na kuacha vitundu vya hewa, na hewa iliyofungiwa huzuia joto lisitoroke. Pumba tunazo. Kasoro moja niiseme: udongo hunywa joto kabla ya kulitoa, kwa hiyo kwa kikombe kimoja cha chai bati tupu huwahi. Mwenye mbabula ya udongo apike mfululizo, sufuria ikitoka nyingine iingie.

Nalisisitiza jambo hili la kubana makaa kwa sababu ya msitu. Katika matanuri yetu ya kufukia kwa udongo, kilo moja ya makaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni, na zaidi ya nusu ya nishati ya mti inapotea kabla gunia halijafungwa kwenye baiskeli. Gramu 100 unazozichoma bure jikoni ni nusu kilo ya kuni au zaidi. Kwa hiyo aliye kijijini, mwenye kuni kavu karibu, asihamie makaa kwa fahari ya mji. Mafiga yaliyozungushiwa ukuta wa udongo yatamfaa zaidi.

Na tahadhari moja isiyo na mjadala. Makaa hayatoi moshi mwingi, lakini yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayojishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mbabula kubwa katika chumba kidogo inatoa nyingi zaidi. Isilale ndani na watu hata usiku wa mvua, hata ikionekana imezimika.

Wageni, je? Siku ya Idi, harusi au matanga, washa mbabula mbili, azima kwa jirani, au weka mafiga uani. Siku hizo zinahesabika, na mbabula ya nyumbani inunuliwe kwa ajili ya zile nyingine zote. Basi kabla ya kwenda sokoni, geuza sufuria unayoipikia kila siku, weka kijiti juu ya kitako chake, toa vidole viwili kila upande, ukate. Nenda nacho kwa fundi. Nanyi mafundi, mteja akifika na kijiti, mtengenezeeni mbabula ya kipimo hicho, hata kama iliyo tayari mbele yenu ni kubwa na ya bei zaidi.