Vyuo vya Pate Vilikotawanyikia (Sehemu ya Nne)

Jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoporomoka Novemba 16, 2024, Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Watu walikufa, hivyo mjadala wa nondo, saruji na vibali ulistahili. Lakini nyumba za Kiswahili zinazovunjwa kupisha maghorofa zina makasha, na makasha ya wazee wa pwani aghalabu huwa na karatasi. Hizo hazina mkaguzi.

Karatasi za namna hiyo ziliwahi kuteketea Witu, pwani ya Kenya. Oktoba 1890, kikosi cha Waingereza cha Admirali Fremantle kiliuchoma mji huo wa Sultani Fumo Bakari kulipiza kisasi cha Wajerumani waliouawa huko mwezi uliotangulia. Inasimuliwa kwamba tarikhi ya Wanabahani, watawala wa Pate, inayoanzia mwaka 600 Hijria, ilipotelea humo: karne saba za ukoo mmoja, asubuhi moja ya mizinga!

Tarikhi hiyo iliokolewa na kifua cha mtu. Muhammad bin Fumo Omar, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, alikuwa ameipokea kwa wazee wake wa ukoo huohuo, akawapa waliomwendea. Mwingereza C. H. Stigand aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akafuata na matini ya Kiswahili. Nakala nne ziko Mlimani, safari ya daladala kutoka Kariakoo, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: namba 177, 321, 344 na 358. Marina Tolmacheva alizichapisha mwaka 1993. Ni aibu kwamba Mswahili aliyezaliwa Mtaa wa Swahili hajawahi kuambiwa zipo.

Hati nyingine za pwani ziko mbali. Chuo (yaani kitabu) cha Herekali, kilichotungwa Pate mwaka 1728, kina nakala Hamburg. Tarikhi ya Kilwa iko London, katika nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877.

Hati hufuatiliwa kwa alama ndogo. Chini ya ukurasa, pembeni, mnakili huandika neno litakaloanza ukurasa unaofuata, hivyo karatasi zilizovurugika hupangika upya. Mwishoni huweka jina lake na tarehe ya Hijria. Ukurasa huo ndio wa kwanza kupotea, kwa kuwa ndio unaosuguana na kasha.

Kwa hiyo anayehamisha vyombo vya marehemu babu na aanze kwa kupiga picha ukurasa wa mwisho, aandike nyumba na mtaa ulikotoka, kisha aende Mlimani kabla dalali hajafika.

Wiki ijayo: Siyu na wanakili wa misahafu.